Nimefika kwa Mama Yake Arvid

Farsta, Stockholm
Jumapili, 24 Novemba 1974

Kaka yangu Boniface,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako saa tisa alasiri watu wamekwisha washa taa. Naomba barua hii ikukute wewe na wifi Getrude mna nguvu zenu, watoto wanakula na kwenda shule, na mguu wa Mama umeacha kuvimba. Mimi kwa upande wa mwili sina neno. Kile kikohozi nilichokuandikia mwezi wa tisa kimenitoka chenyewe. Ya moyo yatafuata kwa mpangilio wake, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hafiki kwa watu akaanza kumwaga habari mlangoni.

Barua yako nimeipata, na stempu zote zile kana kwamba umenitumia ng'ombe. Nimeisoma na kuielewa. Unasema Arvid, huyo Mswidi wa mradi wa visima hapo Nansio, amewajia rasmi kumposa mdogo wetu Paskalia, akiwa na katekista kama mshenga wake, na kwamba Mama amekubali, ila Baba Mkubwa amekubali nusu. Hiyo nusu iliyobaki mmenitwika mimi. Kwetu mwanamume haoi mpaka ukoo wake uulizwe, na kwa kuwa ukoo wa huyu uko Södertälje, na katika Ukerewe nzima ni mimi tu ninayekaa karibu na Södertälje, basi niende nikaulize. Nikisema ndiyo, harusi ni baada ya Pasaka. Nikisema hapana, kijana ataambiwa kwa upole atafute kwingine. Kaka, mmenipa kazi! Lakini nimekwenda, na majibu ninayo.

Mwishoni umeniuliza, kama kawaida yako, nitarudi lini nyumbani, na kama watu wa huku bado wananikodolea macho barabarani. Hawanikodolei tena. Farsta ni kamji ka pembeni mwa Stockholm, kana uwanja wake wa maduka, stesheni yake ya treni na majumba marefu yaliyosimama katikati ya misonobari, na mimi sasa ni mtu wa hapa. Muuza samaki ananiwekea vichwa vya samaki kila Ijumaa. Mwanzoni alinihurumia, akidhani nina paka wengi. Siku nilipomwambia kwamba ni mchuzi wangu, alicheka mpaka akavua miwani. Bibi wa ghorofa ya chini, ambaye mwaka wa kwanza akiniona kwenye ngazi alijifanya anatafuta funguo, siku hizi ananigongea kunikumbusha zamu yangu ya chumba cha kufulia nguo, maana huku kukosa zamu ya kufua ni aibu kuliko kukosa Misa. Viatu navua mlangoni bila kuambiwa. Noeline, yule rafiki yangu Mganda aliyekimbia kwao na sasa anatunza wazee kwenye nyumba yao hapa hapa Farsta, anasema nikilala naota kwa Kiswidi. Mimi namjibu kwamba afadhali Kiswidi kuliko Kiswahili chake cha kambini.

Na darasani ndiko kwangu zaidi. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wauguzi, mafundi, mabwana misitu, wote wanaokwenda kufanya kazi kwetu. Nikiingia wanasimama, kwa sababu niliwaambia ndivyo ilivyo. Nawafundisha Kiswahili, lakini nawafundisha pia namna ya kukaa na watu: kwamba unapiga hodi na kungoja, kwamba unauliza hali ya nyumba nzima kabla ya kusema shida yako, kwamba kitu unakipokea kwa mikono miwili. Nawafundisha hata habari za ndoa. Nawaambia kwetu mwanamume mwenye adabu hamvamii msichana kwa maneno. Anakwenda kwa wakubwa wake, anasikilizwa, anajibiwa. Hapo wanawake wa darasani hupiga kelele kwamba basi msichana ni mbuzi, nami huwaambia watulie, mtihani unakuja.

Arvid alikuwa darasani kwangu msimu wa baridi wa mwaka sabini na mbili. Hilo unalijua, kwa kuwa alipofika kwako alijitambulisha kwa jina langu. Alikuwa mzito wa kusema lakini mwepesi wa kuelewa. Wenzake wakitoka kwenda kunywa kahawa, yeye alibaki kufuta ubao. Siku moja aliniona ninavyotembea kwenye barafu na viatu vyangu vya Mwanza, nusura nivunjike kiuno, na Jumatatu yake akaniletea buti za mama yake zilizofungwa kwenye gazeti. Akawa ananisindikiza hadi stesheni, na njiani ananiuliza habari za kwetu. Watu wa kisiwani wanachota wapi maji? Machungwa yanaiva mwezi gani? Mkubwa wa nyumba yetu ni nani sasa Baba hayupo? Nikamtajia jina lako, nikamwelekeza hata nyumba. Siku ya mwisho alinipa mkono, akainama kidogo kama nilivyomfundisha, akasema ameomba apelekwe Ukerewe na wamemkubalia. Nikamtakia safari njema.

Sasa uchunguzi. Noeline nilipomwambia nakwenda kuuliza ukoo wa Mswidi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hawa watu hata shangazi zao hawawajui. Mimi nikamwambia wazee wameagiza, na Jumamosi nikapanda treni ya Södertälje nikiwa nimevaa vizuri. Nikaanza na majirani, kama inavyotakiwa. Wa kwanza alifungua mlango bila kutoa mnyororo. Nikamsalimu, nikamuuliza hali yake, nikauliza watoto hawajambo. Akaniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Nilipoeleza kwamba nataka kujua tu kama familia ya mlango wa pili ina ugomvi au wendawazimu, alijibu kwamba amekaa nao ukuta mmoja tangu vita vikuu na hajui lolote juu yao, na alilisema hilo kwa fahari, Kaka, kama mtu anayesema hajawahi kuiba. Jirani mwingine, mama mmoja mwenye mbwa, alisema niwaulize wenyewe, akafunga. Nikaenda ofisi ya kanisa lao, maana huku kanisa ndilo linaloandika watu. Karani alinithibitishia kwamba Arvid amebatizwa, hana mke wala mtoto. Nilipouliza tabia ya ukoo aliniambia, kwa heshima lakini, kwamba hilo halimo kazini kwake.

Nikarudi Farsta mikono mitupu na miguu imekufa ganzi. Noeline akaniambia Theresia, acha ushamba wa kwenu, hawa watu wanapigiwa simu. Basi nikapiga. Nikamwambia mama yake Arvid kwamba mimi ni Theresia, mwalimu wa Kiswahili, na ninaomba kuja kwa habari ya ndoa ya Arvid. Upande wa pili nikasikia mtu anavuta pumzi na kulia. Akasema Jumapili saa nane, na nisile kitu kabla ya kuja.

Jina lake ni Märta. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi, mjane wa mtu aliyekuwa kiwanda cha malori. Alinifungulia mlango kabla sijagonga, akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo Waswidi hawalifanyi kwa mtu wasiyemjua. Aliniuliza kama zile buti zilinisaidia. Nilipoingia sebuleni nikaona meza. Huku mgeni wa kawaida anapewa kahawa na andazi moja, na hilo moja ukilikubali usiongeze. Mgeni wa heshima kuu ndiye anayeandaliwa keki za aina saba, kila moja ya mkono wa mwenye nyumba, na ni lazima uonje zote. Zote saba zilikuwa pale. Pembeni palikuwa na kitambaa cha meza cha kitani, alichokifuma mwenyewe mwaka aliozaliwa Arvid, kwa ajili ya mke wa Arvid. Kwenye pembe moja kilikuwa na herufi A ya uzi mwekundu, ya siku nyingi, na karibu yake herufi mpya ambayo sindano ilikuwa bado imechomekwa ndani yake. Ilikuwa T.

Kaka, hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mama amenipokea mimi kama mkwe wake. Arvid si mwandishi, wewe unamjua. Alimwandikia mama yake kadi fupi, kwamba amemposa msichana wa Ukerewe na wazee hawajamkataa, na mengine yatafuata. Huyo mama katika maisha yake alikuwa amesikia habari za Mkerewe mmoja tu. Tena huku mwanamke akimpigia simu mama wa mwanamume na kusema anakuja kwa habari ya ndoa, anakuja kwa ndoa yake mwenyewe. Habari ya mtu kutumwa na ukoo hawana. Mimi ningelikumbuka hilo kabla ya kushika simu, maana nimekaa nao vya kutosha, lakini nilikwenda na akili ya nyumbani.

Ilinibidi niseme. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia kwamba mchumba ni mdogo wangu, jina lake Paskalia, na mimi nimetumwa kumwangalia yeye Märta na nyumba yake. Halafu akachukua mkasi mdogo, akakiweka kitambaa magotini na kuanza kuifumua T, uzi mmoja mmoja, akiwa ameinama ili nisimwone uso. Akaniuliza jina la Paskalia linaanza na herufi gani. Nikamwambia ni P. Akasema vizuri, P haina shida. Nikamsaidia kuokota nyuzi zilizoangukia zulia, na tukala zile keki, zote saba, kwa sababu zilikuwa zimepikwa.

Baada ya hapo aliniuliza nimetumwa kuuliza nini, na nikamuuliza yote mliyoagiza. Akajibu bila kukasirika, na nadhani alifurahi kuulizwa. Kifafa hakuna kwa pande zote mbili. Ukoma hawajauona. Wendawazimu hakuna, isipokuwa babu yake Arvid alikuwa akizungumza na farasi wake, lakini mama anasema farasi alikuwa anamsikiliza kuliko watoto. Ulevi upo kwa mjomba mmoja, siku ya Krismasi na siku ya katikati ya kiangazi. Kuhusu uchawi nilimuuliza kwa njia tatu, hakunielewa, mwishowe akanimiminia kahawa nyingine. Nikamuuliza kama mumewe alikuwa akimpiga. Alishangaa, akasema kwamba alipokuwa mgonjwa wa mapafu, mumewe alikuwa akitoka kiwandani na kukanda mkate mwenyewe, mbaya kama tofali, na Arvid mdogo alikuwa akila bila kulalamika ili baba asivunjike moyo. Huo ndio ukoo, Kaka. Ni watu wema.

Sasa kuna neno nimeliruka. Nimeliruka makusudi, na nimeichana barua moja nzima kabla ya hii kwa sababu yake. Ningeweza kufungia hapa, nikaweka salamu na sahihi, ukapeleka majibu kwa wazee. Lakini siwezi, roho inaniuma mno.

Pale mlangoni, Märta aliponishika mikono, kabla hata sijavua koti, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anamshukuru Mungu uchumba wangu ulivunjika. Nikamuuliza uchumba upi. Akasema ule wa kwetu, wa mwalimu mkuu. Nikadhani mama wa watu amechanganya habari, nikaacha ipite. Lakini baadaye, T ilipokwisha fumuliwa na kahawa imepoa, nilimrudisha hapo, nikamwomba anieleze vizuri. Naye akanieleza, pole pole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

Alisema Arvid msimu ule wote alikuwa akija nyumbani kila Jumapili na hana hadithi nyingine ila mwalimu wake. Mama akamuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe. Arvid akajibu kwamba kwa akina mwalimu sivyo ifanyikavyo, kwao mtu anakwenda kwa wakubwa. Ndiyo sababu aliomba Ukerewe. Mwezi wake wa kwanza Nansio alivaa suti yake moja, akachukua sukari na majani ya chai, akaja kwako. Akapiga hodi na kungoja. Akauliza hali ya nyumba nzima, akazungumza mvua. Alikuja tena, na tena, na mara ya tatu ndipo akasema haja yake, kwamba anaomba kumposa Theresia. Na wewe ulimsikiliza vizuri, ukamkaribisha chakula, ukamwambia amechelewa. Ukamwambia Theresia amekwisha poswa na Mwalimu Thomas, anamaliza kazi Ulaya aje kuolewa. Arvid alimwandikia mama yake kwamba hawezi kumharibia mwanamume mwingine, na kwamba hataniandikia mimi hata mstari, kwa kuwa amejibiwa na mtu mwenye haki ya kujibu.

Kaka Boniface. Thomas nilimkataa mbele yako, jikoni kwa wifi, kabla sijapanda ndege, na nilimkataa kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Wewe mwenyewe uliniambia nipunguze sauti.

Basi na mimi nikuambie jambo ambalo hajalisikia mtu isipokuwa Noeline. Nilimpenda Arvid. Nilimpenda tangu zile buti, na huenda kabla yake. Sikumwambia kwa sababu mimi ni mwalimu wake, na kwa sababu mimi ni binti wa nyumba yetu, na binti wa nyumba yetu hasemi. Alipoondoka nilikuwa na hakika ataandika. Huku barua zinadumbukizwa kwenye tundu la mlango, na mwaka mzima nikisikia kile kishindo chake kidogo sakafuni niliacha sufuria motoni nikakimbia. Ilikuwa barua yako, au ya wanafunzi wengine, au karatasi za duka. Nikajiambia mjinga wewe, mtu alikuwa anafuta ubao tu. Nikajicheka, nikajifunza kuishi nalo. Kumbe alikuwa amekwisha kuja! Alikuja kwa njia ile ile niliyomfundisha kwa mdomo wangu, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja, na akakukuta wewe.

Sihitaji uniandikie sababu, naijua. Hukumchukia. Hukumjua bado, alikuwa mzungu mmoja mwenye suti. Ulipiga hesabu yako kwamba Theresia akiolewa na Mswidi basi Theresia ndiyo kwaheri, atazaa huko, atazeeka huko, na Mama atakufa akimuuliza. Ulitaka nirudi nyumbani. Ulinipenda, Kaka, hilo nalijua, na ndilo linalonikosesha hata mahali pa kuiweka hasira yangu. Lakini ungeniuliza. Ungeandika mstari mmoja tu, Theresia, amekuja mtu, unasemaje? Kila barua uliniuliza kama nimenunua koti zito, na hilo hukuniuliza.

Tangu Jumapili ile nimetembea na hapana mdomoni. Ilikuwa rahisi mno. Nyinyi mmeniachia neno la mwisho, na hakuna ambaye angeniuliza zaidi. Ningesema kuna kifafa, mngemuaga kijana kwa upole, na Paskalia angelia akanyamaza. Nilifika hatua ya kulitamka hilo kwa sauti, peke yangu, nikingoja nguo zangu zizunguke kwenye mashine. Nililitamka kwa Kikerewe, na nikaona haya kama niliyesikiwa.

Kisha nikaisoma tena barua ya Paskalia, ile uliyoifungia pamoja na yako. Huyu kitinda mimba wetu, ambaye shuleni kumwandikisha insha ilikuwa vita, ameniandikia kurasa nne. Anasema Arvid anatamka Kikerewe kama mtu aliyeng'atwa ulimi, na yeye anamcheka mpaka anaangusha ndoo. Anasema Mama alipolazwa, Arvid alikaa naye hospitali, akamsomea Injili kwa Kiswahili changu cha darasani. Anasema, Dada, uliyemfundisha ulimfundisha vizuri, sasa nisaidie nimpate. Na ile kadi aliyomwandikia mama yake, Märta alinisomea: nimempata mtu anayenicheka nikikosea, na sitaki tena kwenda popote asipokuwepo. Mimi sikuwahi kumcheka, Kaka. Mimi nilimsahihisha. Yule aliyekuja kwako na sukari alikuwa wangu, lakini huyu aliyekuja na katekista ni wa Paskalia, moyo wake wote, na mtoto hana kosa hata chembe.

Kwa hiyo neno langu kwa wazee ni hili: ndiyo. Ukoo ni mwema, hauna doa, na mtu mwenyewe anafaa. Mwambie Baba Mkubwa aimalizie ile nusu yake. Mama yake Arvid atakuja harusini ingawa anaogopa ndege kuliko kifo, na kitambaa atakileta mwenyewe. Siku hizi anakuja hapa kwangu nimfundishe kusalimia. Amekwisha jua shikamoo, ila anamwamkia hata bibi wa chumba cha kufulia. Mpokeeni kwa mikono miwili, asilale peke yake chumbani, atadhani amefanya kosa.

Hayo mengine yabaki kati yangu na wewe. Paskalia asijue kamwe, wala Mama, na Märta sikumkanushia uchumba ule. Arvid naye usimwambie kwamba sikuwa na mchumba. Akiuliza, mwambie uchumba ule ulivunjika, tena kwa amani, na Mwalimu Thomas sasa ana mke na mtoto, jambo ambalo ni kweli. Atalala vizuri. Nakuomba uushikilie uongo wako, Kaka, kwa sababu sasa ndio unaomlinda mdogo wetu, na mimi nitaushikilia nawe kutoka huku.

Ila harusini sitakuja. Mtasema nimenyimwa ruhusa, na mimi nitaandika hivyo hivyo. Na lile swali lako la kila barua nimelijibu Jumatatu, sikulijibia kwako, nililijibia ofisini. Mkuu wa chuo alikuwa ananingoja tangu kiangazi nimwambie kama nitabaki moja kwa moja au nitakwenda. Nimemwambia nabaki. Hapa kuna watu wanaonisubiri nifungue mlango wa darasa, kuna vichwa vya samaki siku ya Ijumaa, kuna zamu yangu ya kufua. Hapa ndipo kwangu sasa. Nimeandika hivyo, na sifuti.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie nitamtumia soksi za sufu kwa ajili ya mguu. Msalimie wifi Getrude na watoto kila mmoja kwa jina lake, na katekista, na Baba Mkubwa umwamkie kwa niaba yangu. Na wewe nakusalimu, Kaka. Sijaacha kukupenda, nakuomba tu usiniandikie upesi.

Mwambie Arvid asiniite tena Mwalimu. Mimi sasa ni shemeji yake, na akiniita shemeji kwenye barua nitaitikia. Ana kwa ana sijaweza bado.

Mimi mdogo wako,
Theresia